Ruhusa ya Mwenye Wimbo



Wapendwa waamini, juma hili tulikusudia kuwaandikia juu ya Sakramenti ya Upatanisho. Lakini kuna jambo ambalo limekaa mezani petu tangu jubilei ya parokia, nasi tumeona kwamba tukizidi kulinyamazia tutakuwa tunawaficha deni ambalo ninyi nanyi mnalo. Ni habari ya albamu ya kwaya, ile ambayo wengi wenu mliinunua mlangoni mwa kanisa, na ambayo kwa majuma saba sasa haiuzwi tena. Baadhi yenu mmetuuliza sababu. Wengine mmekwisha kujibiwa na uvumi, kwamba fedha zimeliwa au kwamba mwalimu wa kwaya amegombana na paroko. Hakuna aliyekula fedha, na mwalimu wa kwaya tunaye bado. Sababu ni nyingine.

Tulipoadhimisha miaka 50 ya parokia yetu, kwaya ilirekodi nyimbo kumi. Kazi ilikuwa njema. Vijana walikesha, walimu walijinyima, na mwenye studio alitupunguzia bei. Zilitengenezwa flashi 500, kila moja kwa shilingi 10,000, na mapato yote yalikusudiwa kununua mabati ya kigango chetu cha mbali kuliko vyote, ambacho waamini wake wanasali chini ya turubai tangu upepo ulipoezua paa. Pamoja na albamu tulichapa kijitabu cha nyimbo hizo, na dibaji yake tuliiandika sisi wenyewe. Katika dibaji hiyo tulimshukuru mwenye studio, wafadhili wa sare, akina mama waliopika, hata kijana aliyepiga picha kutoka angani. Watunzi wa nyimbo hatukuwataja. Tungependa kusema kwamba tuliwasahau kwa sababu ya haraka za jubilei. Ukweli ni kwamba hawakutujia akilini kabisa.

Dominika moja, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja mgeni, mwalimu mstaafu aliyekuja kumwona binti yake aliyejifungua, alisimama mbele ya meza ya akina mama wa WAWATA waliokuwa wakiuza albamu. Alinunua flashi moja, akasoma orodha ya nyimbo iliyochapwa kwenye karatasi yake, akairudia kuisoma, kisha akaomba kuonana na paroko. Alipoingia ofisini hakuketi mpaka tulipomkaribisha mara mbili. Akasema kwa sauti ya chini, “Baba Paroko, leo nimenunua wimbo wangu mwenyewe kwa shilingi elfu kumi.”

Ulikuwa wimbo wa nne. Mbele ya jina lake palikuwa pamechapwa maneno haya: mtunzi hajulikani.

Tulimwomba tuusikilize pamoja. Aliusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na beti la kwanza lilipokwisha tulidhani amefurahi. Katika beti la pili akainua mkono. “Hapo si ‘nimefika’, Baba. Mimi niliandika ‘nimekawia’.” Ndipo alipotueleza kwamba aliishi miaka kumi na mmoja bila kupokea Sakramenti, na kwamba wimbo ule aliutunga juma lile aliporudi, mwaka 1987. Neno lile moja ndilo lililobeba wimbo mzima. Ukiliondoa, unabaki wimbo wa mtu aliyewahi mapema na kujisifu kwa kuwahi.

Tulichunguza baadaye jinsi kosa lilivyotokea. Nota ambazo kwaya yetu ilitumia zilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Mtu fulani zamani aliupunguza ukurasa ili uenee kwenye karatasi, na jina la mtunzi, lililokuwa juu kabisa pembeni, likakatwa na mashine. Beti la pili lilikuwa limefifia hata lisisomeke. Mwalimu wetu, kwa nia njema, akatia neno lililokaa vizuri kwenye sauti ya kwanza. Hakuna aliyekusudia kuiba. Lakini nyumba ya mtu ilikwisha kuvunjwa mlango, nasi ndani tulikuwa tumekwisha hamisha samani.

Mzee hakudai fedha. Alidai jina lake na neno lake. Akatuamkia kwa heshima, akaondoka na flashi aliyoinunua.

Jioni ile tuliitisha kikao cha viongozi wa kwaya pamoja na kamati tendaji ya halmashauri ya walei, nasi tungependa mjue yaliyosemwa, kwa kuwa tunaamini kwamba hata ninyi mngeyasema. Ilisemwa kwamba wimbo ukishaimbwa kanisani ni wa Kanisa. Ilisemwa kwamba hatufanyi biashara bali tunaezeka nyumba ya Mungu. Ilisemwa kwamba kwaya zote hufanya hivyo, hoja ambayo hatutaijibu, maana hata mtoto wa Komunyo ya Kwanza anajua jibu lake. Ndipo katekista wetu mmoja, msomaji hodari, akasimama na Katekisimu mkononi, akatuonyesha namba 2408. Huko Kanisa linafundisha kwamba wizi ni kutwaa mali ya mwenzako kinyume cha utashi wa haki wa mwenye mali, na kwamba si wizi pale ambapo ridhaa yake yaweza kudhaniwa kwa haki. “Je,” akauliza, “mtunzi wa wimbo wa Misa si ameridhia tangu mwanzo?”

Hoja hiyo ilitunyima usingizi, maana ndani yake mna ukweli, na tusipoupa ukweli huo nafasi yake tutaishia kuzifunga midomo kwaya zetu bure. Mtu anayetunga wimbo wa matoleo au wa shukrani ametunga ili uimbwe. Ukiimbwa Dominika katika kigango asichokijua, na mama mzee akaguswa moyo, mtunzi amepata alichokitafuta. Hapo ridhaa yaweza kudhaniwa, nasi hatutaki mwanakwaya yeyote asome makala hii akaanza kuogopa kufungua kinywa.

Lakini kuimba ni jambo moja. Kutoa nakala za nota ni jambo la pili. Kurekodi sauti na kuitengenezea albamu ni la tatu, kuuza ni la nne, kuweka picha za wimbo kwenye YouTube ni la tano, na kubadili maneno au kuupanga upya wimbo kwa sauti nyingine ni jambo zito kuliko yote hayo. Ridhaa ya kudhaniwa katika la kwanza haivuki mpaka kuingia katika mengine. Tena ridhaa hudhaniwa pale ambapo mwenye mali hawezi kuulizwa. Mtu mwenye simu, ambaye kwaya ya parokia ya pili inayo namba yake, ridhaa yake haidhaniwi, bali huombwa. Katekisimu, katika namba hiyo hiyo, inamtazama pia mtu mwenye uhitaji wa lazima na wa haraka, yule asiye na njia nyingine ya kupata chakula, mahali pa kujisitiri au nguo. Tulimwambia katekista wetu, kwa upendo, kwamba flashi ya jubilei haimo katika orodha hiyo.

Sheria ya nchi nayo inasema jambo lile lile kwa lugha yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, inampa mtunzi haki ya kuamua nani atoe nakala za kazi yake, nani aisambaze, nani aitafsiri au kuibadili. Mbali na haki hizo zenye kuleta fedha, inamwachia haki nyingine zinazogusa heshima yake: jina lake kutajwa, na kazi yake kutopotoshwa. Yule mzee hakuwa ameisoma sheria hiyo, lakini alipodai jina na neno alikuwa anadai hayo hayo. Wala haki hiyo haingoji kuandikishwa popote. Huanza pale kazi inapotungwa. Inaendelea maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, ikiwa mikononi mwa warithi. Kwa hiyo yule anayetuambia, “Mtunzi alikwisha kufariki, Mungu amrehemu,” tunamjibu kwamba Mungu amrehemu kweli, na mjane wake je?

Wengine hudanganyika na maneno ya sala. Mwaka 2005 mtunzi wa Kimarekani Christopher Tin aliutungia mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV wimbo wa “Baba Yetu”, kwa Kiswahili, na mwaka 2011 wimbo huo ukampatia tuzo ya Grammy, ya kwanza kutolewa kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Tumesikia kwaya za Afrika Mashariki zikiuimba, tena vizuri. Mtu akiwauliza kama waliomba ruhusa ya kuurekodi, hushangaa: “Padre, ni Sala ya Bwana!” Sala ni ya Bwana. Muziki ni wa Tin. Na hata maneno matakatifu yana walezi wake: Hati ya Liturgiam authenticam ya mwaka 2001 ilitaka Mabaraza ya Maaskofu yawe na haki juu ya tafsiri za vitabu vya liturujia, na mwaka 2005 haki juu ya maandiko ya Mababa Watakatifu iliwekwa chini ya Libreria Editrice Vaticana. Anayechapa karatasi za Misa na kuziuza kwa faida yake ajue kwamba hachoti maji ya mto.

Juu ya jina la mtunzi tunaomba mtuvumilie kidogo, maana ndipo tulipokosea zaidi. Kule Kamina, Katanga, nchini Kongo, mwaka 1958, ilizaliwa Misa Luba, ambayo dunia nzima iliisikia kupitia santuri na hata filamu. Waliouimba mara ya kwanza walikuwa watoto wa shule na walimu wao, na sehemu kubwa ya muziki ilitoka katika nyimbo za kwao na vipaji vyao wenyewe, wakipokezana na kujazia papo kwa papo. Jina lililosafiri na Misa hiyo ni la Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyeiongoza kwaya. Hatumshutumu padre huyo, aliyeupenda muziki wa watu wakati ambapo wengine waliudharau. Tunajiuliza tu ni waamini wangapi wanaoweza kumtaja hata mmoja wa walimu wale wa Kamina. Sisi tuliokuwa tukilalamika kwamba wageni walichukua nyimbo za wazee wetu bila kuandika majina, tumefanya nini kwa mzee wetu wenyewe, kwa mashine ya kutolea nakala iliyomo ofisini mwetu?

Wala msidhani kwamba hili ni kosa la maparokia maskini peke yake. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Misa ilipoanza kuadhimishwa kwa lugha za watu, maparokia ya Marekani yalijikuta hayana nyimbo za Kiingereza za kutosha. Mchapishaji mmoja mdogo, F.E.L. Publications, aliyeanzishwa na Dennis Fitzpatrick, alitoa nyimbo ambazo vijana walizipokea kwa furaha. Miongoni mwake ulikuwamo wimbo wa mwaka 1966 wa Padre Peter Scholtes, aliyekuwa akihudumu katika parokia ya Chicago, unaohusu Wakristo kutambulikana kwa upendo wao. Maparokia yakaanza kujichapia vijitabu. Mchapishaji akaweka utaratibu: lipeni dola 100 kwa mwaka, mtoe nakala mtakavyo. Wengi hawakulipa. Mwaka 1976 alilishtaki Jimbo Kuu la Chicago, na Jimbo likaagiza nyimbo zote za mchapishaji huyo zikusanywe kutoka maparokiani, hata zile zilizonunuliwa kihalali. Mwaka 1984 baraza la mahakama lilimpa mchapishaji zaidi ya dola milioni 3. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilifuta sehemu kubwa ya fidia hiyo, ile iliyohusu kuharibiwa biashara, lakini hukumu kwamba nakala zilitolewa kinyume cha sheria ilibaki.

Tumeisoma habari hiyo mara nyingi, na kinachotuumiza si fedha. Dola 100! Ilikuwa sadaka ya Dominika moja katika parokia ya namna ile, pengine chini ya hapo. Kinachotuumiza ni picha ya waamini wakiimba, kutoka katika karatasi isiyo na ruhusa, kwamba watatambulikana kwa upendo wao. Baadaye huko Marekani walijifunza. Tangu mwaka 1988 kuna utaratibu uitwao CCLI, ambao makanisa hulipa ada kwa mwaka na kutoa taarifa za nyimbo yalizotumia, na watunzi hupata mirabaha yao. Njia ilipatikana baada ya aibu.

Sasa tuwarudishe kwenye Maandiko Matakatifu, kwa kuwa huko ndiko tulikopata uamuzi wetu, katika sura ya mwisho ya Kitabu cha Pili cha Samweli. Tauni imeua watu 70,000, na mfalme Daudi anaambiwa ajenge altare katika uwanja wa kupuria nafaka wa Arauna, Myebusi. Angalieni hali ilivyo. Mwombaji ni mfalme. Mwenye uwanja ni mtu wa taifa lililoshindwa. Sababu ni takatifu kuliko zote, tena ya haraka, maana watu wanakufa. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema, “Hii ni kazi ya Mungu, tupishe,” ni Daudi siku ile. Tena Arauna mwenyewe anatoa vyote bure: uwanja, ng'ombe wa sadaka, hata vyombo vya kupuria na nira viwe kuni. Daudi anakataa. Anasema kwamba hatamtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu, naye analipa shekeli 50 za fedha. Na Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati kinatuambia kwamba mahali pale pale Sulemani alijenga Hekalu. Hekalu la Yerusalemu lilisimama juu ya kiwanja kilichoombwa na kulipiwa.

Sisi tulitaka kuezeka kigango kwa wimbo wa Arauna bila hata kumbishia hodi.

Kwa hiyo tulisimamisha mauzo. Flashi 212 zilikuwa zimekwisha kuuzwa. 288 zimo kabatini. Kisha tukaanza kutafuta watu, kazi ambayo tulidhani itachukua miezi, ikachukua siku kumi na mbili. Nyimbo mbili kati ya kumi ni za mwalimu wetu wa kwaya mwenyewe, ambaye alitukumbusha, huku akicheka, kwamba hata yeye hakuna aliyemwomba. Watunzi wanne walipatikana kwa simu. Wawili waliridhia bure, mmoja wao akitushukuru kwa kuwa, alisema, ni mara yake ya kwanza kuulizwa katika miaka ishirini ya kutunga. Wa tatu aliomba shilingi 150,000. Katika kikao baadhi ya wajumbe walikunja nyuso: mtumishi wa Mungu anadai fedha! Tuliwauliza kama fundi mitambo wa studio alilipwa. Alilipwa. Mshonaji wa sare? Alilipwa, tena kabla ya kazi. Mpiga picha? Naye. Basi katika kazi nzima ya kumtukuza Mungu kwa wimbo, anayetakiwa kufanya kazi kwa utukufu wa Mungu peke yake ni yule aliyeleta wimbo! Bwana wetu alipowatuma wale sabini na wawili hakuona aibu kusema habari ya ujira wa mtenda kazi. Fedha ya mtunzi huyo imelipwa.

Wa nne alikataa. Ana mkataba na studio nyingine, na kwa kweli alituonyesha kwa upole kwamba hata angependa hana mamlaka. Wimbo wake, ambao ndio mliokuwa mkiupenda kuliko yote, tumeuondoa. Kuomba ruhusa maana yake ni kuwa tayari kunyimwa. Anayeomba huku ameshaamua atafanya tu, huyo anatoa taarifa.

Mtunzi mwingine alifariki mwaka 2009. Haki ya nyimbo zake iko kwa jamaa yake hadi mwaka 2059, nasi tulimtembelea mjane wake. Hakujua kwamba ameachiwa kitu. Alitusikiliza, akauliza kama wimbo ule ni ule wa Pasaka, akauanzisha kidogo kwa sauti ya pili, akatupa ruhusa kwa sharti kwamba tumletee flashi moja kwa ajili ya wajukuu. Nyimbo mbili zilizosalia hatukuwapata wenyewe. Wapo waliosema tuandike kwamba tulijitahidi kuwatafuta. Tulitafuta siku kumi na mbili. Je, mtu akiitafuta nyumba yako siku kumi na mbili asikuone, ahamie? Nazo tumeziondoa mpaka wapatikane. Flashi zile zilizokwisha kuuzwa hatuwezi kuzirudisha, lakini kila mtunzi tumemwandikia idadi yake kamili, aamue mwenyewe anachotudai.

Tuna maombi mawili, na la kwanza linawahusu watunzi. Andikeni jina na namba ya simu katika kila ukurasa, si wa kwanza tu, na mwandike mnachoruhusu. Kuna watunzi ambao huandika chini ya nota zao kwamba kuimba ni ruksa, ila kurekodi ni kwa makubaliano. Sentensi moja kama hiyo ingetuokoa. Wengi wenu mnaweka nota katika tovuti ili zipakuliwe bure, na wanaopakua hudhani kwamba kilichopatikana bure chaweza kuuzwa. Wasaidieni wasitende dhambi. La pili tunalielekeza kwa idara za liturujia za majimbo yetu. Padre Stephen Mbunga, mwanamuziki wetu, alichapisha mwaka 1963 kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, mwaka ule ule Mtaguso ulipotoa hati yake juu ya Liturujia. Tangu hapo zimetungwa nyimbo zisizohesabika. Je, ni vigumu kiasi gani kila jimbo kuwa na daftari la watunzi wake, na anwani zao, na warithi wa waliofariki? Wanaotaka pia wajiandikishe katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ambayo wengi wanaijua kwa jina la COSOTA. Lakini daftari la jimbo lingetosha kuanzia, na mwalimu wa kwaya wa kigango angeweza kupiga simu moja badala ya kukisia.

Msomaji mmoja wa kurasa hizi alitwambia juzi kwamba tunawawekea maskini mzigo ambao matajiri hawaubebi. Tumelifikiri hilo. Ni kweli kwamba barua na simu zina gharama, na kwamba kwaya ya kigango haina mwanasheria. Lakini barua ya kuomba ruhusa si kesi. Taja wimbo kwa jina lake. Sema unataka kuufanyia nini, nakala ngapi, utaziuza kwa bei gani, fedha zitakwenda wapi, na kama kuna neno unalotaka kubadili. Sahihi, muhuri wa parokia, nafasi ya mtunzi kutia sahihi yake. Ukurasa mmoja. Nakala ya barua tuliyoitumia iko ofisini, na kwaya yoyote yaweza kuichukua bila kutuomba. Hakimiliki ya barua hiyo tumeiacha hadharani.

Barua ya mzee ilirudi Jumanne. Ametia sahihi. Hakuandika fedha yoyote mahali pa fedha. Mahali pa masharti ameandika neno moja tu, nimekawia, akalipigia mstari. Kwa sababu hiyo wimbo wa nne utarekodiwa upya, na albamu itatoka na nyimbo saba badala ya kumi. Mabati ya kigango bado yamepungua 64, nasi tutayatafuta kwa njia nyingine. Kikapu kitapita baada ya Komunyo Dominika ijayo. Mazoezi ni Jumamosi saa tisa alasiri. Wanakwaya wote waje na nota mpya zilizochapwa juma hili, na zile za zamani wazirudishe ofisini.